Jino Linauma kwa Matabaka: Kilichomo Ndani Yake na Kwa Nini Mdudu Hayumo

Mtu akishika shavu barazani, iwe Shela ya Lamu au Shela ya Malindi, hukumu hutolewa kabla hajafika kwa daktari: jino lina mdudu. Mmoja atamwambia asukutue kwa maji ya chumvi. Mwingine atamshauri aling'oe, ila kama ni la juu ajihadhari na jicho. Kijana mwenye simu naye ataonyesha video ya mkaa na ndimu inayoahidi meno meupe kwa wiki moja. Sehemu kubwa ya mkanganyiko huu hutokana na kulichukulia jino kuwa kipande kimoja kigumu. Jino lina matabaka, na kila tabaka lina ugumu wake, uhai wake na namna yake ya kuuma. Anayeyajua matabaka hayo anaweza kukisia uozo umefika wapi, amebakiwa na muda gani, na aulize nini akikaa kwenye kiti cha daktari wa meno.

Tuanze na majina. Sehemu unayoiona kwenye kioo ni taji. Iliyozama ndani ya taya ni mzizi. Zinapokutana, pale ufizi unapolizunguka jino, ni shingo. Mzizi kwa kawaida ni mrefu kuliko taji: chonge la juu la mtu mzima huwa na takriban milimita 27, na kama 17 kati ya hizo hazionekani. Mtoto huwa na meno 20 ya utotoni. Mtu mzima hufikisha 32: meno ya mbele manane ya kukatia, chonge nne za kuchania, magego madogo manane, na magego makubwa kumi na mawili, yakiwemo manne ya mwisho ambayo watu wengine hawaoti kabisa. Meno ya mbele yana mzizi mmoja mmoja, magego makubwa ya chini kwa kawaida mizizi miwili, na ya juu mitatu. Hii ndiyo sababu kung'oa gego la juu huchukua muda na nguvu kuliko jino la mbele.

Kwa matabaka yenyewe, tazama ukuta wa nyumba ya kale ya mji wa Lamu. Ndani ni mawe ya matumbawe, yenye vitundu vidogo vidogo. Nje umepigwa lipu ya chokaa. Lipu ikiwa nzima ukuta hudumu. Ikipata ufa, maji na chumvi hupenya nyuma yake, mawe yakaanza kumong'onyoka huku usoni pakionekana doa tu. Siku lipu inapoanguka, shimo lililoko nyuma ni kubwa kuliko ufa wenyewe. Jino huoza vivyo hivyo. Tofauti ni moja, na ni nzito: ukuta una fundi wa kuupiga lipu upya, lakini mwili hauwezi kutengeneza tena ile ya jino.

Lipu hiyo huitwa enameli. Hakuna kitu kigumu kuizidi mwilini, hata mfupa. Karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini, hasa kalsiamu na fosfeti. Juu ya vilele vya magego unene wake hufika milimita 2.5 hivi, kisha hupungua kadiri unavyoshuka, hadi ikawa nyembamba mno shingoni. Seli zilizoitengeneza hupotea jino linapochomoza. Basi enameli haina damu, haina neva, haiumi, na ikimeguka haioti tena.

Chini yake kuna dentini, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya jino. Takriban asilimia 70 yake ni madini, kwa hiyo ni laini kuliko enameli na huoza haraka zaidi. Imetobolewa na mirija isiyoonekana kwa macho, maelfu katika kila milimita moja ya mraba, nayo imejaa majimaji. Kitu baridi, kitamu au upepo ukigusa dentini iliyo wazi, majimaji hayo husogea na kuzishtua neva zilizoko upande wa ndani. Anayetaka kuiona dentini kwa macho aitazame pembe ya ndovu. Pembe ile ni jino, na karibu yote ni dentini. Siwa ya Pate, lile baragumu la enzi za masultani, imechongwa humo. Rangi yake si nyeupe kabisa, ina umanjano kidogo, na meno yetu yenye afya ni hivyo hivyo kwa sababu dentini huonekana kupitia enameli.

Hapo ndipo video za mkaa na ndimu zinapopotosha. Mkaa ni unga mkali unaokwangua, na ndimu ni asidi kali inayolainisha enameli. Ukivichanganya, madoa ya chai na tambuu yataondoka, ni kweli, lakini yataondoka pamoja na sehemu ya enameli. Baada ya miezi kadhaa enameli imekuwa nyembamba, dentini inaonekana zaidi, na jino limekuwa la manjano kuliko mwanzo. Juu ya hayo, sasa linashtuka kwa maji ya barafu.

Katikati ya jino kuna kiini, ambacho wengi huita mshipa wa jino. Hiki ni kitu hai na laini: kina mishipa ya damu, neva, na seli zinazoendelea kutengeneza dentini maisha yote. Damu na neva huingia kupitia tundu lililoko ncha ya mzizi, ambalo kwa mtu mzima kwa kawaida halifiki hata nusu milimita. Tundu hilo linaeleza mengi. Kidole kikiumia huvimba, na ngozi hupisha. Kiini kikivimba hakina pa kwenda, maana kimezungukwa na kuta ngumu pande zote. Shinikizo hupanda, na mtu mzima na akili zake hulia usiku kucha kwa sababu ya kitu kidogo mno.

Mzizi wenyewe haufunikwi na enameli. Una tabaka jembamba liitwalo simenti ya jino, na kati yake na mfupa wa taya zimo nyuzi za kano zilizojaa nafasi ya kama robo ya milimita. Jino, kwa hiyo, halijagandamana na mfupa. Limening'inizwa ndani yake. Nyuzi hizo ndizo zinazokushtua ukitafuna chembe ya mchanga ndani ya wali, kabla hata hujaiona. Na daktari anapong'oa, kazi yake kubwa si kuvuta bali kutikisa polepole ili kuzikata nyuzi hizo na kupanua tundu la mfupa. Anayevuta kwa ghafla kwa koleo nyumbani huvunja taji akaacha mzizi ndani.

Sasa uozo. Kwenye kila jino hujijenga utando laini wa bakteria, ukoga. Bakteria hao wakipata sukari huitumia na kutoa asidi. Asidi ikishusha kipimo cha pH mdomoni hadi chini ya 5.5 hivi, enameli huanza kupoteza madini. Mate huja kuiosha na kurudisha madini, kazi inayochukua nusu saa hadi saa nzima. Kinachoamua ni hesabu ya mara ngapi, kuliko kiasi gani. Mtu anayekula kipande cha halua baada ya chakula na kukimaliza amewapa mate kazi moja. Mtoto anayefyonza mabuyu ya rangi tangu mapumziko ya saa nne hadi jioni, moja moja, hajawapa mate nafasi hata kidogo. Kahawa chungu haiozeshi meno, hupaka madoa tu. Kashata inayoandamana nayo ndiyo yenye sukari. Na mtoto anayelala na chupa ya chai ya maziwa mdomoni huoza meno ya mbele ya juu kwanza, maana usiku mate hupungua sana.

Funza, basi, hayumo. Imani hii ni ya kale na imeenea duniani, na kuna vitu viwili vinavyoilisha. Cha kwanza ni kiini chenyewe: jino likipasuka, kile kijiuzi chekundu au cheupe kinachotolewa mzizini hufanana na mnyoo. Cha pili ni tiba ya kufukiza mbegu za mimea ya jamii ya mtunguja. Baadhi ya mbegu hizo zikipata moto hupasuka na kutoa viini vyeupe vilivyojikunja, na mgonjwa huonyeshwa kwamba wadudu wametoka. Wametoka kwenye mbegu. Shimo liko palepale.

Maumivu yanasema nini

Hatua ya kwanza ya uozo haiumi kabisa, kwa sababu iko kwenye enameli. Dalili yake ni doa jeupe lisilong'aa, kama chokaa, ambalo huonekana vizuri jino likikaushwa mate. Hapa ndipo pekee uozo unaweza kurudi nyuma bila kuchimbwa: punguza marudio ya sukari, piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi, na madini hurudi. Soma pakiti, kiwango kinachofaa ni sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, huandikwa ppm. Kusubiri maumivu ndiyo uanze kujali ni kusubiri enameli ishe.

Uozo ukiingia dentini, jino hushtuka kwa baridi na kitamu. Maumivu ni makali lakini mafupi, huisha ndani ya sekunde chache kitu kikiondoka. Hapa dawa ni kuziba, na kuziba mapema ni kazi ya kikao kimoja. Lakini si kila mshtuko ni uozo. Anayekula embe mbichi kwa pilipili au ukwaju hupata ganzi ya meno kwa sababu asidi imefungua mirija ya dentini kwa muda. Anayesugua shingo za meno kwa nguvu hupata mshtuko huohuo, maana ufizi umerudi nyuma na mzizi uko wazi.

Kiini kikivimba, maumivu hubadilika tabia. Huja yenyewe bila kuguswa, hudumu dakika nyingi, huzidi kwa chai ya moto na hutulia kidogo kwa maji baridi, na mtu akilala huwa mabaya zaidi kwa sababu damu huongezeka kichwani. Ajabu yake ni kwamba mgonjwa mara nyingi hawezi kulitaja jino lenyewe. Neva za kiini hutoa habari ya maumivu bila kutaja mahali: gego la chini huweza kuuma kama la juu, au kama sikio. Haivuki tu upande. La kulia halijifichi kushoto. Ndiyo maana daktari hugonga jino moja moja na kupiga picha ya eksirei kabla ya kugusa kitu, na mgonjwa hapaswi kumlazimisha ang'oe analolishuku. Katika hatua hii kuziba peke yake hakutoshi. Ni ama kutoa kiini chote, kusafisha mizizi na kuijaza, au kung'oa.

Karafuu ina nafasi yake hapa, kwa sababu mafuta yake hutia ganzi kweli. Hayaponyi, ila yanaweza kukuvusha hadi asubuhi. Vidonge vya maumivu vimezwe. Kidonge kilichosagwa na kuwekwa juu ya ufizi huuchoma ukabaki kidonda cheupe. Maji ya betri na petroli visikaribie mdomo.

Kisha huja siku maumivu yanapokoma ghafla. Hii ndiyo hatua ninayoomba isomwe mara mbili. Wengi hushukuru, husema jino limepona, na hughairi safari ya hospitali. Kilichotokea ni kwamba kiini kimekufa. Neva ya kulalamika haipo tena, lakini bakteria wapo, na sasa wana njia wazi hadi ncha ya mzizi na mfupani. Jino linaweza kukaa kimya wiki au miezi, likiwa limegeuka rangi ya kijivu, kisha siku moja likaonekana refu kuliko wenzake, linauma likigongana na la pili, na kijipu chenye usaha kikatokeza kwenye ufizi.

Dawa za kuua bakteria zinazonunuliwa dukani hupunguza uvimbe huo kwa muda, kisha hurudi. Dawa husafiri kwa damu, na jino lililokufa halina damu ndani yake, chanzo hakiguswi. Zina kazi pale maambukizi yanapoenea, nazo huandamana na kufungua jino au kuling'oa. Uvimbe ukishuka chini ya taya au shingoni, mdomo ukawa haufunguki, kumeza kukawa kugumu, sauti ikabadilika, au homa ikapanda, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Aliyeko Faza au Kizingitini asingoje boti ya kesho: uvimbe huo unaweza kuziba njia ya hewa.

Hili linatufikisha kwenye hofu ya jicho. Hisia za meno hupitia neva kuu ya uso, yenye matawi matatu kila upande: moja la paji na eneo la jicho, moja la taya ya juu, moja la taya ya chini. Neva ya kuona ni nyingine kabisa, hutoka nyuma ya jicho kuelekea ubongoni na haipiti kwenye meno. Hakuna mzizi unaofika jichoni. Kilicho karibu na magego ya juu ni uwazi wa hewa ulio pembeni mwa pua, na kwa sababu hiyo mtu aliyeng'olewa gego la juu huweza kukatazwa kupenga kamasi kwa nguvu siku chache. Jino la juu lenye usaha likiachwa kwa miezi ndilo linaloweza, mara chache, kusambaza maambukizi hadi kwenye jicho. Hatari iko katika kuliacha.

Dai jingine ni kwamba ukisafishwa meno hospitalini yanalegea. Ukoga usiposuguliwa hushika madini ya mate na kuwa mgumu, wa manjano au mweusi, na mswaki haulitoi gamba hilo tena. Chini yake ufizi huvimba na hutoka damu. Kwa mtu mwenye afya, kijitaro kati ya ufizi na jino kina kina cha milimita 1 hadi 3. Kwa mwenye ugonjwa hushuka zaidi, nyuzi za kano hukatika na mfupa huliwa. Gamba likikwanguliwa, mgonjwa huona mianya na kuhisi meno yanacheza. Yalikuwa yanacheza tangu zamani, gamba liliyashikilia tu huku likila mfupa uliobaki.

Watoto

Makosa mawili kuhusu meno ya watoto yanaumiza sana. La kwanza ni lile linaloitwa meno ya plastiki. Katika sehemu kadhaa za Kenya na Tanzania, mtoto mchanga akiharisha au kupata homa, uvimbe mweupe kwenye ufizi wake huchukuliwa kuwa ndio ugonjwa, na huchimbuliwa kwa chombo chenye ncha. Kinachotolewa ni chonge la utotoni ambalo bado halijakomaa. Mtoto anaweza kuvuja damu hatari, kupata maambukizi, na baadaye kuota meno ya ukubwani yaliyoharibika, kwa sababu vijichipukizi vyake viko palepale nyuma ya lile lililochimbuliwa. Wapo waliokufa. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvi na sukari ya hospitali, pamoja na daktari.

La pili halina kelele lakini limeharibu vinywa vingi. Mtoto akifika miaka sita hivi huota gego nyuma kabisa ya meno yake ya utotoni, moja kila upande, juu na chini. Halisukumi jino lolote, hakuna kilichong'oka, basi mzazi hudhani ni la utotoni na litakuja kubadilishwa. Ni la ukubwani. Ndilo atakalotafunia akiwa na miaka sitini. Lina mifereji mirefu juu yake inayoshika chakula, na mtoto wa miaka sita hafiki huko nyuma kwa mswaki. Msugulie wewe hadi afikishe miaka saba au minane. Dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya mchele kabla ya miaka mitatu, kisha kiasi cha mbaazi.

Mswaki wa mti unafaa, na mti wake wenyewe upo pwani yetu. Menya gamba kama sentimita moja, tafuna hadi nyuzi zichambuke na ziwe laini, tumia, kisha kata ncha iliyochakaa kabla ya siku inayofuata. Makosa ni mawili: watu husugua meno ya mbele ya nje tu, na husugua kwa kukata kushoto na kulia hadi shingo za meno zinachimbika. Iwe mti au plastiki, nyuzi zielekezwe kwenye mpaka wa ufizi kwa mshazari, mizunguko midogo, nje, ndani na juu, dakika mbili nzima. Ukimaliza tema, usisukutue, floraidi ibaki. Ukitoka kula ukwaju au ndimu, ngoja nusu saa kwanza. Mwezi wa Ramadhani, jino halina neno na tende za futari. Tatizo ni kulala baada ya daku bila kupiga mswaki.

Na jino zima la ukubwani likitoka kwa kuanguka au ajali ya bodaboda, zile nyuzi za kano ndizo za kuokolewa. Lishike kwenye taji, usiguse mzizi. Likiwa na mchanga lisuuze kwa maziwa au maji kwa sekunde kumi, bila kusugua. Lirudishe kwenye tundu lake, uso wa nje ukiwa nje, na aliyeumia aume kitambaa safi. Ikishindikana litie kwenye maziwa baridi. Usiliache ndani ya maji ya bomba, hupasua seli za mzizi. Nusu saa ya kwanza ina matumaini makubwa, na likikauka zaidi ya saa moja matumaini hupungua sana. La utotoni lisirudishwe, maana linaweza kuumiza la ukubwani linalosubiri chini yake. Mpeleke mtoto akaangaliwe tu.